Damu ipo 9 na pemba siwezi kuacha

SWALI: Anti shikamoo. Nina mimba ya miezi 5, ya pili hii, na tangu mwezi wa tatu nakula pemba, zile za udongo wa kijivu za sokoni, nikianza moja basi kabla sijafika nyumbani nimeshamaliza nne tano, yaani hata mvua ikinyesha harufu ya udongo ikinipitia tu mate yananijaa mdomoni. Mama mkwe anasema niendelee, yeye alikula kwa watoto wote 6 na eti udongo unaongeza damu. Kliniki wamenipima damu ipo 9. Dada wa duka la dawa naye kaniambia nimeze zinki. Nimsikilize nani jamani?
Mama Kijacho, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kwanza usione aibu, Geita watafiti waliwauliza wajawazito na karibu nusu walisema wanakula udongo, kwahiyo hauko peke yako. Na mama mkwe usimbishie kwa ukali, maana udongo kweli una madini. Ila kuwepo kwenye udongo ni jambo moja, kuingia kwenye damu yako ni jingine kabisa.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka 1958 daktari mmoja mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alikuwa anafanya kazi Shiraz, Iran, akaletewa kijana wa miaka 21 ambaye ukimtazama ungesema mtoto wa miaka 10. Kadumaa, hajabalehe, ngozi kavu inakwaruza, ini na bandama zimevimba, damu hana. Chakula chake mkate wa ngano isiyokobolewa, nyama hagusi, na juu yake udongo nusu kilo kila siku. Nusu kilo! Hebu fikiria ule mfuko wa sukari tunaopimiwa dukani. Muda si mrefu wakapatikana wengine 10 wa hali hiyohiyo. Kwetu tungesema karogwa.

Upungufu wa damu ulielezeka kwa kukosa chuma, lakini kudumaa kule Prasad akaona chuma peke yake hakitoshi kukueleza, akahisi ni zinki, na wakati huo wataalamu waliamini binadamu hawezi kupungukiwa zinki. Akaenda Misri kwa vijana waliodumaa vilevile, akapima akakuta zinki iko chini kwenye damu na hata kwenye nywele, wakapewa zinki, wakarefuka sentimita 12 mpaka 15 kwa mwaka mmoja. Mimi kila nikikumbuka hiki kisa naguswa sana, maisha ya mtu yalikuwa yamekwama kwa kitu ambacho hata hakionekani kwa macho.

Sasa ujue udongo ukiwa tumboni unanasa chuma na zinki iliyo kwenye chakula chako halafu unatoka nayo chooni. Umekula ugali na dagaa vizuri, pemba inakuja kukupokonya.

Na kuna sumu. Huko Geita waliupima udongo wenyewe wakakuta mpaka aseniki. Inayonitisha zaidi ni madini ya risasi, kwasababu mwili ukikosa chuma unafyonza risasi nyingi zaidi, nayo inapita kwenye kondo inamfikia mtoto wakati ubongo wake ndo unajengwa, na haina harufu wala ladha ya kukushtua. Kuichoma pemba hakuondoi metali, usidanganyike na ile iliyokaangwa.

Rudi kliniki usisubiri tarehe, 9 ni ndogo, na uwaambie wazi kwamba unakula udongo ili wakuangalie na minyoo. FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, meza kila siku kwa maji, chai iache mpaka saa moja au mbili baadae maana inazuia chuma kuingia. Maharage loweka usiku kucha umwage yale maji, na togwa ya kimea kunywa, nafaka ikioteshwa na kuchachushwa inaachia madini yake kirahisi zaidi. Pemba punguza leo, mfukoni weka karanga badala yake, wengi hamu inapungua damu ikianza kupanda.

Zinki ya duka la dawa usimeze kwa kukisia. Vile vidonge vya miligramu 20 ni vya watoto wanaoharisha, wanapewa na ORS kwa siku 10 mpaka 14. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inashusha madini ya shaba mwilini, na shaba ikishuka damu nayo inapungua. Hilo aliliona Prasad huyohuyo na wenzake, kwa mgonjwa wa selimundu aliyekuwa anapewa zinki nyingi. Kwahiyo mkunga wako ndo akuambie kama unaihitaji.

Ukipimwa tena niandikie damu imefika ngapi.