Usimtafutie Mfiwa Dhambi

Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili ameniandikia: mtoto wa miaka mitatu amekufa kwa malaria, na matanga hayajaanuliwa, mhubiri akasimama na Kutoka 20:5, aya isemayo kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao, akatangaza laana ya ukoo. Wazazi wamekaa mkekani wanahesabu makosa ya babu. "Si ndivyo Biblia inavyosema?" anauliza.

Sivyo. Aya hiyo inawataja "wanichukiao", na ya 6 inafuata na rehema kwa maelfu. Kisha fungua Ezekieli 18. Waisraeli walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu kali, ganzi ya meno wakaipata watoto, na Mungu akawakataza wasiitumie tena. Aya ya 20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Wahubiri wengi huteleza kwa kuchanganya dhambi ya asili, ile inayotokana na Adamu, na dhambi ya mtu binafsi. Mzizi wa mafundisho ya dhambi ya asili ni Warumi 5:12. Agostino, askofu wa Hippo, aliisoma kwa Kilatini kuwa wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Tofauti hiyo ndogo ina uzito. Waorthodoksi hufundisha kwamba tunarithi mauti na udhaifu, si hatia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 405, inakana kuwa dhambi ya asili ni kosa binafsi la mzawa yeyote wa Adamu. Waprotestanti wengi wanaomfuata Agostino huitaja hatia pia, lakini ni hatia ya wanadamu wote. Hakuna njia ya kutoka hapo hadi kwenye homa ya mtoto huyu mmoja.

Yesu alikabili swali lilelile. Luka 13 inataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akasema hawakuwazidi wengine kwa ukosaji, kisha akawaambia waliosimama mbele yake watubu. Toba wanaambiwa walio hai. Marehemu hapekuliwi.

Kwa hiyo msibani soma Zaburi 88, inayoishia gizani bila kufarijiwa, na mahubiri yasizidi dakika kumi. Jihadhari na Ayubu 4 na 5! Maneno yale matamu ni ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, na katika 42:7 Mungu anamkasirikia yeye na wenzake. Walichofanya vyema ni kukaa chini siku saba, kimya. Somo la dhambi ya asili lisubiri matanga yaishe.

Uzushi huu wa laana ya ukoo unaua, ndiyo maana nauchukia. Familia iliyoambiwa ina laana hutafuta wa kuikemea, na mdogo wa marehemu akipata homa anapelekwa kwenye maombi tu, wakati anatakiwa kupimwa damu na kuanza dawa ndani ya saa 24.

Mwalimu, rudi kwa mama yule. Mwambie, "Mama, mtoto wako hakufa kwa dhambi yako wala ya babu yake." Akinyamaza, kaa naye. Kabla ya kuondoka, uliza waliobaki wanalala ndani ya chandarua gani, na kama kimetoboka.