Mdogo wangu, huo mji wako una mengi ya kuandika: yaliyonikuta Taiping

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji: "Kaka shikamoo. Nipo Malaysia mwezi wa pili sasa, chuo kipo Perak. Nataka niandike safari kama wewe ila huku ni kamji kadogo, saa tatu usiku maduka yashafungwa, sioni cha kuandika. Au nisubiri mpaka niende Kuala Lumpur?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma hiyo meseji mara tatu na imenigusa pabaya, maana swali hilohilo nilijiuliza mimi miaka ile nasoma hukohuko, nikalijibu vibaya na likaniaibisha mbele za watu. Sasa leo ngoja niseme yote.

Mara ya kwanza kufika Taiping, mji mmoja wa jimbo hilohilo la Perak, tulikuwa wanne kwenye gari ya kukodi. Tumefika mchana, mvua ikaanza, na mvua ya pale si ya kusema nitajikinga na gazeti, tukakaa ndani ya gari, ilipopungua tukapiga picha mnara wa saa, tukala, tukaondoka, jumla masaa matatu. Nimerudi hosteli nikaandika makala ndefu kwa ujasiri kabisa, nikasema jina la mji limetokana na vita vya Taiping vya kule China. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliona tu majina yanafanana nikaunganisha mwenyewe. Kijana mmoja mzaliwa wa pale akaja kwenye komenti akaninyoosha mstari kwa mstari, wenzangu wa darasani wote wakasoma. Nikaifuta. Nikaandika nyingine fupi nikaituma kwenye tovuti moja ya safari ya nyumbani, mhariri akanijibu sentensi moja: nani anaujua huo mji, tuletee Kuala Lumpur. Hiyo imeli ninayo mpaka leo.

Nikarudi Taiping peke yangu, kwa basi, siku nne. Hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Siku ya pili nimekaa kwenye duka la kahawa, yale ya zamani yenye meza za marumaru, mvua inapiga. Pembeni yangu mzee wa Kichina, kule mtu mzima yeyote unamwita anko, na kusalimiana kwao ni "apa khabar", habari ileile yetu. Nikamuuliza kwanini mvua haikati. Hakunijibu kwa maneno, alichovya kidole kwenye maji yaliyotiririka kutoka kwenye glasi yake ya barafu akachora juu ya meza: huku bahari, huku mlima, katikati nukta moja, mji. Akapitisha kidole kutoka baharini mpaka mlimani akakisimamisha hapo. Basi nikaelewa. Upepo unatoka baharini, Mlango wa Malacca, umebeba unyevu, unakutana na Bukit Larut, mlima wenye urefu wa kama mita 1,250 nyuma kabisa ya mji, unalazimika kupanda juu na kumwaga yote pale chini. Kama milimita 4,000 kwa mwaka. Dar yetu haizidi sana 1,100.

Nashikilia hiyo mvua kwa sababu historia yote ya Taiping imo humo. Maji yalishusha mchanga wenye madini ya bati kutoka milimani mpaka bondeni, bati kama lile la Kyerwa kule Kagera. Wenyeji wanasimulia kwamba tembo wa Long Jaafar, mtawala wa Larut miaka ya 1840, alipotea akarudi na matope yenye bati miguuni. Wachina wakaja kwa maelfu kuchimba, na bati lile huwezi kulitoa bila maji ya kuoshea mchanga. Sasa angalia: mwaka 1861 vikundi viwili vya siri vya Wachina hao, Hai San waliokuwa machimbo ya Klian Pauh na Ghee Hin waliokuwa machimbo ya Klian Baharu, wakagombana juu ya mfereji wa maji wa machimboni. Mfereji tu! Kwenye mji wenye mvua kuliko yote Rasi ya Malay, watu wamepigana kwa sababu ya maji, na vita vikaenda vikirudi mpaka 1874. Januari 20 mwaka huo ukasainiwa Mkataba wa Pangkor, Waingereza wakapata mlango wa kuingia kutawala Perak, Klian Pauh ikabaki mikononi mwa Hai San na ikapewa jina jipya, Taiping, kwa Kichina maana yake amani kuu. Hiyo ndiyo asili ya jina. Mimi niliwaandikia watu uongo kwa uvivu wa kutokuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, tembea kwa miguu. Na wa pili ni uleule, tembea tena mvua ikinyesha. Wengi wetu tunataka tuandike, tusomwe, tualikwe, lakini hatutaki kulowa, tunasoma ukurasa mmoja kwenye simu na kujiona tumeumaliza mji. Acheni jamani. Mji hauwezi kukupa kitu kama umekaa nao masaa matatu.

Pale bustani ya maziwa mimi mara ya kwanza niliona bustani tu, maji, miti mikubwa imepitisha matawi juu ya barabara mpaka yanagusa ziwa. Kumbe yale maziwa ni mashimo ya bati yaliyoachwa, wakayageuza bustani mwaka 1880. Shimo la vita hilohilo leo familia zinakuja kupunga upepo jioni.

Siku ya nne nikaenda Kuala Sepetang, kijiji cha pwani kilichoitwa zamani Port Weld. Bati lilihitaji kufika baharini, wakajenga reli kutoka Taiping mpaka hapo, ya kwanza ya Malaya (ndivyo nchi ilivyoitwa enzi za Waingereza), kilomita kama 13, ikafunguliwa Juni 1, 1885. Mimi mtoto wa Tanga, nimekua na reli iliyoanza kujengwa 1893, nilitamani sana kuiona. Reli haipo, iling'olewa. Kimebaki kibao cha stesheni pembeni ya duka, jina limeandikwa kwa maandishi manne: Kilatini, Kichina, Kitamil na Jawi, yaani herufi za Kiarabu zikiandika Kimalay kama bibi zetu walivyoandika Kiswahili. Nimesimama nikalisoma kwa ile elimu ya madrasa, herufi moja moja, nikajisikia siko ugenini.

Mbele kidogo kuna mikoko ya Matang, kama hekta 40,000, wanaikata kwa zamu ya miaka 30 na kupanda upya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wanachoma makaa kwenye matanuri ya matofali ya duara kama kichuguu kikubwa, na fundi anajua hatua kwa kunusa moshi tu. Nilikaa naye mchana mzima, nikafikiria mikoko yetu inavyokatwa bila zamu, roho ikaniuma.

Makala niliyoandika baada ya zile siku nne ndiyo inayosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na yule mhariri sikumtumia. Sijamtumia kitu tena.

Mdogo wangu, usisubiri Kuala Lumpur. Kesho ikinyesha toka nje ya hosteli, tazama maji ya barabarani yanaelekea upande gani, fuata mtaro mpaka mwisho, alafu niandikie umekuta nini huko.