Jibu: Mtoto wa miaka 2 achapwe?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 2 anayemwaga uji kila asubuhi achapwe ili ashike adabu. Mimi nasema hapana. Umri huo haunganishi kofi na kosa. Anachoshika ni kwamba mama anatisha. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, ambayo haijapiga marufuku fimbo nyumbani, kifungu cha 13 hakikubali adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi lengo la adhabu hiyo. Watafiti Gershoff na Grogan-Kaylor mwaka 2016 walijumlisha tafiti za watoto wapatao 160,000: kuchapwa kulienda pamoja na ukorofi zaidi, si utii. Wangu nilimpa kikombe chenye mfuniko, na kitambaa apanguse mwenyewe. Anapangusa ovyo, lakini anapenda kweli!