Jumapili naimba kwaya, Jumatatu nanunua lumbesa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Nanunua viazi kwa wakulima wa Isyonje na vijiji vya huko juu, napeleka Dar es Salaam. Mtaji ulianzia kwenye mkopo wa kikoba na bado narejesha kila wiki. Kanisani naimba sauti ya kwanza na ni mhazini wa jumuiya.*

*Kinachonikosesha usingizi ni lumbesa. Nanunua lumbesa kama wenzangu wote. Mwezi uliopita kwaya yetu ilialikwa kwenye sikukuu ya mavuno katika usharika mmoja wa kijijini. Alisimama mama mjane, ninayemfahamu kwa sababu msimu huu nimenunua kwake magunia 11. Akamshukuru Mungu kwa mavuno, kisha akaomba tumwombee, maana mtoto wake amechaguliwa shule ya bweni na fedha ya godoro, sare na mahitaji mengine haijatimia. Akasema, "Shamba limenipa vizuri mwaka huu, ila hela sijui inaishia wapi." Shangazi, mimi nilijua inaishia wapi. Wimbo uliofuata sikuweza kuuimba.*

*Niliporudi nilipima gunia moja kwa mizani ya jirani anayenunua parachichi. Likaja kilo 140. Kijijini nililipa shilingi 70,000 kama gunia la kilo 100.*

*Mume wangu anasema kanisa ni kanisa na biashara ni biashara. Shemeji yangu, ambaye ni mzee wa kanisa na tunapakia naye lori moja, ananiambia hata Yesu alisema kipimo kiwe cha kujaa na kushindiliwa. Nimewaza niache biashara, au niongeze fungu la kumi ili Mungu anisamehe, au nisimame kwenye jumuiya nitubu mbele ya watu. Na kwaya je, nijitoe? Nishauri. — Mama wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kwenda kupima. Wengi wetu hatuendi kwenye mizani kwa sababu tunajua itasema nini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama kando ya barabara ya Tukuyu wakati wa msimu: lumbesa ni gunia lililojaa hadi mdomoni, halafu juu yake ikasukwa kamba na viazi vikapangwa kimoja kimoja hadi likasimama kichwa kama kichuguu. Bei inaitwa ya gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili miaka na miaka. Lakini kwenye njia ya shamba hakuna wakala. Kuna wewe, mkulima, lori linalounguruma na mawingu ya mvua.

Tufanye hesabu yako. Shilingi 70,000 kwa kilo 100 ni shilingi 700 kwa kilo. Kilo 140 kwa bei hiyo ni 98,000. Kwa hiyo kila gunia lilimtoka yule mama na shilingi 28,000 ambazo hakulipwa. Magunia 11 ni shilingi 308,000. Hilo ndilo godoro, na sare, na sanduku, na nauli, na chenji inabaki. Nimeiandika waziwazi hivi kwa sababu umeshaijua, na kwa sababu nataka wanunuzi wengine wanaosoma hapa wachukue kalamu wafanye ya kwao.

Najua utaambiwa kwamba mkulima anakubali mwenyewe. Anakubali, ndiyo. Viazi vikishachimbwa havimsubiri. Barabara ikishalowa lori halipandi tena. Mnunuzi aliyefika leo huenda ndiye pekee wiki hii, na akikataa lumbesa ataambiwa, "Basi mama, baki na viazi vyako." Kukubali kwa namna hiyo hakukuondolei hatia, na dhamiri yako imeshakwambia hivyo, ndiyo maana sauti ilikatika.

Shemeji yako namheshimu kwa cheo chake kanisani, lakini ule mstari ameushika kwa nyuma. Afungue Luka 6:38 ausome kuanzia neno la kwanza: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Yesu anasema na anayetoa. Kipimo cha kumwagika ni ukarimu wa mtu mwenye mkono wazi, na mstari unamalizia kwa kuonya kwamba kipimo unachopimia wenzako ndicho utakachopimiwa. Mnunuzi anayemlazimisha mjane kushindilia gunia hawezi kujificha humo. Ninasema kwa ukali kidogo kwa sababu Maandiko yakitumika kumnyonya mtu maskini, aliyenyonywa anaumizwa mara mbili: anapoteza fedha, kisha anaambiwa Mungu ndiye aliyetaka hivyo.

Kama shemeji anataka mstari wa gunia, upo. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Fikiria safari ya viazi vyako. Isyonje vinanunuliwa kwa lumbesa. Vikifika mjini vinauzwa kwa sado na kwa fungu, na sado ile wengine wanaibonyeza. Kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Musa aliliona.

Mumeo naye anasema kanisa ni kanisa na biashara ni biashara. Hapa kwetu Wamoraviani na Waluteri walianza kuhubiri huko Rungwe na Konde mwaka 1891. Tuna makanisa kila kilima, tuna kwaya nzuri, tuna bahasha za ahadi zenye majina yetu. Gunia letu ndilo bado halijabatizwa. Nabii Amosi, sura ya 8, anawataja wafanyabiashara waliokuwa wakiishika Sabato huku wanahesabu saa iishe warudi kwenye mizani ya udanganyifu. Walikuwa watu wa ibada wale. Mungu hakuwakaripia kwa kukosa ibada.

Sasa maswali yako.

Kuhusu kuongeza fungu la kumi, hapana. Fedha ile ni ya yule mama, na huwezi kumtolea Mungu sadaka kutoka kwenye mfuko wa mwenzako halafu bahasha iandikwe jina lako. Toa sadaka yako kama kawaida kutoka kwenye kilicho halali yako. Kilichozidi kina mwenyewe, na mwenyewe unamjua hadi mlango wa nyumba yake.

Nenda kwake. Usimtume mtu, wala usimpigie simu, na usiende siku ya kununua ukiwa na vijana wa kupakia. Nenda siku ya kawaida, keti, mkishasalimiana mwambie: "Mama, magunia yale nilipima, yalikuwa yamezidi, nimekuletea kilichobaki." Mpe mkononi. Kama laki tatu na elfu nane huna zote kwa sababu ya marejesho ya kikoba, mpe nusu, mwambie tarehe ya nusu nyingine na uitimize. Na nakuomba sana, usimpe kama msaada. Usiseme "nimeguswa na mtoto wako." Ukisema hivyo atakushukuru, atakuombea, na kanisa zima litasikia jinsi ulivyo mwema, wakati ulichofanya ni kulipa deni. Mwache ajue ni haki yake. Pengine hatafurahi. Pengine atanyamaza, au atakuuliza na miaka ya nyuma je. Vumilia. Zakayo alipoamua, alisema atarudisha mara nne. Mimi sikudai mara nne, nakudai ile moja.

Wakulima wengine unao kwenye daftari. Hutaweza kuwafikia wote, na wengine hesabu zao zimeshapotea. Unaoweza kuwafidia wafidie taratibu, kwa kuanza na wenye hali ngumu zaidi. Waliobaki wafidie kwa namna utakavyonunua kuanzia sasa.

Kuacha biashara sikushauri. Ukitoka wewe mwenye dhamiri inayouma, nafasi yako ataichukua asiyeumwa, na yule mama atauza lumbesa ile ile kwa mtu mwingine. Nunua mizani ya kuning'iniza, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo ibandikwe stika, uende nayo shambani. Nunua kwa kilo. Mkoa huu haushangai mizani: kakao ya Kyela inapimwa, kahawa ya jirani zetu wa Mbozi inapimwa, parachichi za jirani yako zinapimwa. Viazi peke yake ndivyo tumevionea.

Sitakudanganya kwamba bei itakaa kwenye shilingi 700. Huenda soko likasema kilo ni 550 au 500, na mkulima akaona mbona ni ile ile. Haitakuwa ile ile. Siku hiyo mtakuwa mnabishana juu ya kitu ambacho wote wawili mnakiona, naye anaweza kusema 500 haitoshi kwa sababu anajua mbegu na mbolea zimemgharimu kiasi gani kwa kila kilo. Kwenye lumbesa hana hata pa kuanzia kubisha.

Na faida yako itashuka. Lori linatoza kwa gunia, wapakiaji wanalipwa kwa gunia, kwa hiyo magunia yakiongezeka kwa mzigo ule ule gharama zinapanda. Mnunuzi wako wa Dar naye ataona gunia limepungua kimo. Zungumza naye kabla lori halijaondoka, mpe bei ya kilo 100 iliyopimwa. Akigoma kabisa, anza na sehemu ya mzigo. Hapo hapo Mbeya kuna wakaanga chipsi kuanzia Mafiati hadi Mwanjelwa, kuna hoteli, kuna shule za bweni zinazolisha watoto viazi. Hawa ukiwapelekea mzigo uliopimwa na usio na vilivyooza chini, watakurudia. Usikope upya ili kuziba pengo. Ongea na wenzako wa kikoba mapema upunguziwe kiwango cha wiki.

Tukiwa kwenye wapakiaji, kuna jambo hukuliandika na naomba uliangalie safari ijayo. Mtazame kijana anayeinama kupokea lile gunia. Wawili wanamtwika, magoti yanatetemeka, anapanda ubao wa lori huku shingo imepinda upande mmoja kwa sababu kile kichwa cha lumbesa kinamsukuma sikio. Kilo 140. Anafanya hivyo mara nyingi kwa siku, na akifika miaka arobaini mgongo umekwisha, na anayemuuguza ni mama yake kijijini. Yeye pia ni jirani yako. Gunia la kilo 100 bado ni zito mno, ukiweza kufungasha ya 50 fanya hivyo.

Kuhusu kutubu mbele ya jumuiya, nasema subiri. Nenda kwanza kwa mjane, anza kwanza kupima. Kisha mwone mchungaji faragha umweleze. Ukisimama leo bila kuwa umerudisha chochote, watu watalia, mtaimba, na Jumatatu lori litapakia kama jana. Isitoshe, jumuiya yenu ina wanunuzi wengine, na shemeji yako ni mzee wa kanisa. Ushuhuda wako unaweza kugeuka kuwa kidole cha kumwonyeshea mtu. Shemeji umwite pembeni, wewe na mumeo, mkiwa na ile karatasi ya hesabu. Mwulize kama angekubali binti yake aliyeolewa kijijini auze hivyo. Akikasirika, msigombane, gawaneni lori, kila mmoja apakie mzigo wake. Mkipata wanunuzi watatu au wanne wa usharika mmoja wakakubaliana kununua kwa mizani, hapo ndipo mwende kwa mchungaji mumwombe alitangaze, maana wakulima watapata wa kumkimbilia na ninyi mtapata nguvu ya kukataa.

Kwaya usijitoe. Kama nyimbo zingekuwa za wasio na deni kwa mtu, Jumapili tungesikia kinanda peke yake. Ila uhazini wa jumuiya, mweleze mwenyekiti wako kwamba kuna jambo unalitengeneza, aamue yeye kama uendelee kushika fedha za wenzako kwa sasa. Ni vizuri uliseme mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mtoto wa yule mama anatakiwa kuripoti shuleni na siku haziko nyingi, kwa hiyo safari ya kijijini ifanye wiki hii hii, hata kama mizani bado hujanunua. Ukishatoka kwake niandikie uniambie alivyokupokea, na uniambie pia mumeo amesema nini.