Sema mapema kuwa wewe ni mgeni

Haya ni kwa ajili yenu mnaokuja kusoma Dodoma mkitokea Bujumbura, Goma, Kigali, Moroni, hata Mombasa. Ninyi ambao Kiswahili mnakijua tayari. Nimekaa hosteli na wageni tangu mwaka wangu wa kwanza hadi sasa ninapomalizia shahada ya uzamili, na kila wapya wanapofika huwa nawatafuta. Wanaohangaika sana si wale wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Mwanafunzi aliyetoka China akisimama tu mlangoni mwa ofisi, kila mtu anaona kuwa ni mgeni na kuna atakayeinuka kumsaidia. Wewe ukishasema "shikamoo mama" vizuri, umeshahesabiwa kuwa Mtanzania. Utapangwa foleni ya Watanzania, utapewa maelekezo ya Watanzania, na ukikwama utaonekana mzembe.

Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wote: salimia kwanza, kisha maneno yako ya pili dirishani yawe, "Mimi ni mwanafunzi wa kigeni, natumia pasipoti." Usione aibu. Hujajishusha kwa kusema hivyo. Umempa karani taarifa anayoihitaji ili akuhudumie.

Chukua laini ya simu, maana huko ndiko mambo huanzia. Hapa laini husajiliwa kwa alama za vidole, na Mtanzania hutumia namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Binti mmoja wa Burundi niliyekaa naye chumba kimoja alikwenda kwa wakala wa barabarani aliyekaa chini ya mwavuli. Wakala hakuinua hata kichwa. "Namba ya NIDA?" Akajibu hana. "Basi kaitafute kwanza, dada." Akaondoka, akijua ndivyo sheria ilivyo. Rafiki yake wa darasani akamwonea huruma, akamsajilia laini kwa jina lake mwenyewe. Fedha zote za kutoka nyumbani zikawa zinapita kwenye laini ile. Siku simu ilipoibiwa sokoni, rafiki alikuwa kwao Songea kwa likizo, na kurudisha laini kunamtaka mwenye jina aende mwenyewe aweke kidole chake. Binti akawa anakula kwa kuombaomba na hela yake ipo.

Mgeni anasajili laini kwa pasipoti. Nenda kwenye duka la kampuni yenyewe, beba pasipoti halisi, siyo kopi, na usikubali laini yenye jina la mtu mwingine hata kama mtu huyo ni rafiki wa kweli. Kampuni humtambua mwenye jina tu. Hapa simu ndiyo benki, ndiyo nauli, ndiyo ada: malipo ya chuo cha serikali hutolewa kwa namba maalumu ya malipo yenye tarakimu 12, unayoilipia kwa simu au benki. Hakuna ada inayopokelewa mkononi na mtu, awe kiongozi wa wanafunzi au mtumishi. Akitokea mtu anayekuambia umpe yeye akakulipie, mshukuru na uondoke.

Jambo la pili ni karatasi za Uhamiaji, na hapa naomba mnisikilize sana ninyi wa Afrika Mashariki, kwa sababu kuvuka mpaka kwenu ni rahisi na urahisi huo unawapumbaza. Muhuri uliogongewa Kabanga, Rusumo au Namanga umekuruhusu kuingia na kukaa kwa muda. Haukukuruhusu kusoma. Mwanafunzi wa kigeni anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, na maombi yake hufanywa kwa mtandao yakiambatana na barua ya udahili na nyaraka za chuo. Anza wiki ya kwanza, kabla vipindi havijakolea. Ofisi ya chuo inayoshughulikia wageni ndiyo itakayokuelekeza nyaraka zipi zinahitajika, na makao makuu ya Uhamiaji yapo hapahapa Dodoma, kwa hiyo huna sababu ya kumlipa mtu wa kati. Andika kwenye daftari tarehe kibali chako kinapoisha na uanze kuhuisha mapema. Tembea na kopi, pasipoti iache mahali salama. Na kibali cha kusoma si kibali cha kazi. Anayekutafutia kibarua cha mshahara anakutafutia matatizo, hata kama nia yake ni njema.

Vyeti navyo. Kama ulisoma mfumo wa nchi nyingine, cheti chako cha sekondari hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na cha shahada hupitia Tume ya Vyuo Vikuu. Cheti cha Kifaransa kitahitaji tafsiri inayokubalika. Hifadhi matokeo ya ulinganisho huo kama unavyohifadhi cheti chenyewe, maana utaulizwa tena siku ya kutafuta mafunzo kwa vitendo au kazi.

Kuhusu chuo chenyewe, inategemea umepangiwa wapi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kiko ilipokuwa shule ya Mazengo, na mtu akikizunguka mara mbili tatu amekijua. Chuo cha Mipango kiko Miyuji. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, mbali na mji, lazima ujipange na usafiri. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, ni habari nyingine kabisa: kimetandazwa vilimani mashariki ya mji, ndaki hii, yaani tawi la chuo lenye masomo yake, iko huku na ile iko kule, na mtu akikuambia "tukutane chuo" muulize ndaki gani kabla hujapanda bajaji. Kabla masomo hayajaanza, tenga siku moja uzunguke na mwanafunzi wa mwaka wa pili, akuonyeshe maktaba, zahanati, ofisi ya malipo, ofisi ya mratibu wa programu yako na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ingia ndani ya kila moja, usalimie, uulize wanafungua saa ngapi. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo iko katika eneo hilohilo la chuo, lakini kwa homa ya kawaida anzia zahanati, na uliza mapema bima yako inakubalika wapi. Siku ya kuumwa si siku ya kujifunza utaratibu wa bima.

Nataka nikae kidogo kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wengi mmetoka kwenye mifumo ambayo kuitwa na mlezi maana yake umefanya kosa, kwa hiyo mnaikwepa ofisi hiyo miaka mitatu mizima. Hapa mshauri ndiye anayeshughulika na malazi, na ugonjwa uliokufanya ukose testi, na msiba wa nyumbani, na huzuni isiyo na jina inayomshika mtu mwezi wa pili au wa tatu akiwa mbali na kwao. Kwa wageni mwezi huo ni mgumu sana. Shamrashamra za kupokelewa zimekwisha, marafiki wa Kitanzania wanakwenda kwao wikiendi, na wewe umebaki na dari. Nenda umwone mshauri kabla hujaanza kukosa vipindi. Ukifiwa nyumbani usiondoke kimya. Toa taarifa kwa maandishi, ubaki na kopi, kwa sababu kilichoandikwa ndicho kitakachokutetea mtihani utakapokuwa umekupita. Serikali ya wanafunzi nayo ni yako pia ingawa wewe ni mgeni.

Masomoni, elewa hesabu ya alama tangu siku ya kwanza. Katika vyuo vingi hapa koswek, yaani testi, asaimenti na kazi za kikundi, hubeba 40 katika 100, na mtihani wa mwisho wa muhula hubeba 60. Waliozoea mfumo wa Kifaransa, ambako mtihani wa mwisho ndio mzito kuliko vyote, huzichukua testi za mwanzo kama mazoezi, na wanaposhtuka koswek imeshafungwa. Soma kanuni za mitihani za chuo chako: alama gani ya chini inakuruhusu kuingia mtihani wa mwisho, lini mtu anapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, lini anabeba somo kwenda mwaka unaofuata, na lini anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli. Usitegemee habari za korido. Kila mwaka kuna uvumi mpya na kila mwaka kuna anayeuamini.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mhadhiri ataeleza kwa Kiingereza, atachomekea Kiswahili darasa likicheka, kisha pepa litakuja kwa Kiingereza kitupu. Kama umesoma kwa Kifaransa maisha yako yote, hili litakuumiza mwanzoni, na halihusiani na akili yako. Kuna somo la stadi za mawasiliano ambalo mwaka wa kwanza hulidharau. Wewe lichukue kwa uzito kuliko wenzako wote, kwa sababu humo mnafundishwa kuandika insha ya kitaaluma, kunukuu na kuorodhesha marejeo. Kunakili kazi ya mtu bila kumtaja ni kosa kubwa hapa, hata kama ulikotoka lilifumbiwa macho. Mkutubi ni mtu wa kumwomba msaada. Mwambie mada yako, atakuonyesha majarida ya mtandaoni ambayo chuo kimeshayalipia na wewe usingeyapata peke yako.

Halafu kuna vimbweta. Zile meza na viti vya zege chini ya miti ndiko darasa la pili lilipo. Jioni utawakuta watu sita saba wamezunguka daftari moja, mmoja anaeleza, wengine wanabisha. Mgeni huwa anapita pembeni akisubiri kualikwa. Hutaalikwa, si kwa sababu hupendwi, ila kwa sababu kila mmoja anadhani una kikundi chako. Sogea, salimia, sema, "Naomba kujiunga, hii mada hainiingii." Nafasi itapatikana. Mjue pia kiongozi wa darasa lenu, na hakikisha namba yako, ile ya jina lako mwenyewe, imo kwenye kundi la simu la darasa, kwani kubadilishwa kwa chumba au saa ya testi hutangazwa humo usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Fedha. Wenzako wengi Watanzania wanaishi kwa bumu, fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo. Bumu likitoka, hosteli nzima inachangamka: nguo mpya, chipsi kuku, madeni yanalipwa. Likichelewa, wote wanakopa duka la jirani kwa matumaini ya bumu. Wewe mgeni huna bumu. Usikope kwa kalenda yao, na usimkopeshe kila anayekuahidi "bumu likitoka" hela ambayo huwezi kuishi bila kuirudishiwa. Panga matumizi kwa tarehe ya hela za nyumbani kwenu, na ukipokea, weka pembeni kwanza nauli ya kurudi. Nawasihi hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona mtu akipokea habari ya msiba na asiweze kwenda kuzika.

Kuhusu mji, kwa kifupi. Dodoma ni kukavu. Mvua ni za kati ya Desemba na Aprili hivi, miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Juni na Julai asubuhi kuna baridi isiyosemwa, leta sweta. Nunua ndoo mbili zenye mifuniko siku ya kwanza, kwani maji hukatika, na yakitoka usisubiri. Mafuta ya kupaka utayahitaji. Ukitoka Dar es Salaam kuna treni ya umeme tangu 2024, tikiti inataka kitambulisho. Mlenda wa Wagogo uonje kabla hujasema hupendi.

Mwisho ni likizo na mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huita fildi. Mwenzako Mtanzania ana mjomba halmashauri au shangazi benki, wewe huna. Anza kuomba nafasi mapema, mara baada ya likizo fupi, ukiwa na barua ya chuo inayotaja kuwa wewe ni mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali, kwa kuwa ofisi nyingi za umma zitataka kujiridhisha kabla ya kukupokea. Muulize mratibu kama unaruhusiwa kufanyia fildi nchini kwenu. Na kama hutasafiri likizo, andika barua ya kuomba kubaki hosteli kabla mitihani haijaanza, upeleke kwa msimamizi wa malazi, na ile kopi igongwe muhuri wa kupokelewa.