Jibu kwa dada wa Uyole: nyonga inauma, eksirei safi

Pole dada. Umesema mdogo wako wa miaka 28 anachechemea mwaka mzima, eksirei haina kitu, na ameambiwa ni "baridi ya Mbeya". Baridi hiyo tunaisingizia mengi! Kuna ugonjwa adimu wa utando wa ndani wa kiungo, madaktari huuita PVNS: utando unanenepa, unavuja damu ndani kwa ndani, na chuma cha damu hiyo kinaupa rangi ya kahawia. Mwanzoni eksirei inaweza isionyeshe chochote. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona, maana chuma hicho hutoka cheusi kwenye picha. Uhakika ni kukata kinyama kidogo kikapimwe maabara, na hapo msikubali kuruka, kwa sababu TB ya nyonga inaweza kufanana nao, nayo tiba yake kuu ni vidonge vya miezi mingi. Ikiwa ni utando kweli, daktari wa mifupa huuondoa kwa upasuaji. Ugonjwa huu unaweza kurudi, kwa hiyo asiache kuhudhuria kliniki. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishaliwa sana, huwekewa nyonga ya bandia. Kwa kawaida si saratani, mwambie mama. Akipewa rufaa ya MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam), abebe picha zote za zamani.