Kisukari, presha na upasuaji wa kongosho: maswali yenu

Baba ana kisukari cha miaka mingi, na sasa amekutwa na saratani kwenye kichwa cha kongosho. Akipasuliwa, kidonda kitapona?

Sukari ikibaki juu, kidonda hutunga usaha upesi, ndiyo maana hushushwa mapema na kupimwa mara kwa mara hata baada ya upasuaji. Lakini linalowanyima madaktari usingizi zaidi ni kuvuja kwa majimaji ya kongosho pale kipande kinachobaki baada ya kichwa kukatwa kinapounganishwa na utumbo. Majimaji hayo kazi yake ni kusaga chakula. Yakimwagika tumboni humsaga mwenye tumbo, na yakiufikia mshipa wa damu huweza kuutoboa. Hapo hali ya kongosho lenyewe ina uzito mkubwa: lililo laini, lenye mafuta na mrija mwembamba wa kupitisha majimaji yake halishiki uzi vizuri, lililokakamaa hushonwa kwa urahisi. Kwa hiyo mtu mnene asiye na kisukari anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja kuliko baba yako.

Mama ana miaka 76 na presha. Ndugu wanasema ni mzee mno.

Ndugu hawajampima. Umri pekee haumzuii mtu, wala presha iliyotulia kwa dawa. Je, anapanda ngazi bila kuhema? Anakula na kujihudumia? Moyo dhaifu, mapafu mabovu, figo zilizochoka na mwili uliokonda ndivyo humwangusha mgonjwa nimonia ikimpata wodini.

Macho yamekuwa ya njano. Si lazima awekewe kwanza mrija wa kupitisha nyongo iliyozibwa na uvimbe?

Si kila mara. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2010 uliwalinganisha wagonjwa wa namna hii: waliopasuliwa mapema, 39% walipata matatizo makubwa, waliotangulizwa mrija, 74%. Mrija huingiza bakteria kwenye nyongo. Huwekwa kukiwa na homa ya maambukizi, njano ikiwa kali mno, au upasuaji ukichelewa.

Anavuta sigara. Aache lini?

Leo. Wiki nne kabla ya upasuaji huyasaidia mapafu.

Tumwambie daktari kuhusu aspirini na mitishamba?

Vyote, hata kile mnachoona aibu kukitaja. Baadhi ya mitishamba huzidisha kutoka damu. Dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa mpango, kila moja na siku zake. Msizikatishe wenyewe, hasa kama amewekewa stenti ya moyo, yaani kimrija cha kuuacha wazi mshipa wa moyo: inaweza kuziba kabla hajafika chumba cha upasuaji.